Kila namba na deni lake: ninavyozipa maksi komiki moja moja

Nina daftari lenye kava ngumu ambalo kila komiki ninayoisoma inaingia humo usiku uleule, kabla sijalala na kabla sijaongea na mtu yeyote kuhusu hiyo namba, yani toleo hilo moja la mfululizo. Naandika jina, namba, tarehe niliyosoma, maksi kati ya 10, alafu mistari mitatu minne ya kwanini. Upande wa kulia kuna safu nyembamba nimeichora kwa rula na juu yake nimeandika DENI. Hiyo safu ndo moyo wa daftari lote na ndo nataka kuiongelea leo, maana nimebishana na watu miaka mingi kuhusu hili suala la kuhukumu stori ambayo haijaisha na kila mara najibu nusu nusu, leo nataka niseme yote.

Hoja ninayokutana nayo kila siku ni kwamba we unaipaje maksi namba ya 3 ya stori yenye namba 12? Si ungoje iishe, waitoe kitabu kizima, uisome kwa mkupuo ndo useme kama nzuri au mbaya? Jamaa yangu mmoja ambaye tumesoma komiki pamoja tangu tuko wadogo ana msimamo huo na hatikisiki. Yeye hagusi kitu mpaka kimeisha. Anasema kuhukumu namba moja ni kumhukumu mtu kwa sentensi yake ya kwanza.

Mi naona hivi. Ile namba ilitolewa peke yake. Ina kava yake, ina mwanzo wake, ina kurasa zake 20 hivi na kidogo, na mwisho kuna lile neno, itaendelea. Mwandishi na mchoraji walijua kabisa kwamba mtu ataimaliza kwa dakika kumi na tano alafu atakaa na arosto mwezi mzima. Walichagua pa kukatia. Walichagua fremu ya mwisho, yani kisanduku cha mwisho cha picha, iwe ipi. Ukisema tusihukumu mpaka mwisho maana yake hiyo kazi ya kuchagua pa kukatia, ambayo ni nusu ya ufundi wa komiki za mfululizo, haina wa kuiangalia, inapita tu hivihivi.

Sasa deni ni nini. Deni ni kila kitu ambacho namba imeniomba niamini bila kunipa sasa hivi. Katokea mtu mlangoni hajasema neno, ametumiwa ukurasa mzima, simjui: deni. Mtu kafa nje ya fremu na maiti sijaiona: deni. Wawili wanazungumza, mmoja anaanza kusema jina, wanakatizwa: deni. Naandika yote. Na kukopa sio kosa, namba nzuri inatakiwa ikope, komiki ambayo haijakopa chochote huna sababu ya kuitafuta mwezi ujao. Shida ni ile inayokopa mwanzo mwisho, kurasa 20 zote ahadi, ukifunga huna kitu mkononi zaidi ya kava. Kwahiyo maksi natoa kwa kile nilichopewa usiku huo, na deni naliandika pembeni bila kuligeuza kuwa maksi. Siongezi kwasababu nahisi itakuja kuwa tamu, na sikati kwasababu kuna kitu sijakielewa bado. Hapo ndo wengi wanateleza, tena pande zote mbili, kuna anayetoa 10 kwa matumaini na kuna anayetoa 2 kwa hasira ya kutojua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani sana, Amazing Spider-Man namba 31 mpaka 33, kava zake zina tarehe za Desemba 1965 mpaka Februari 1966, kazi ya Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Namba 32 inaisha Spider-Man kalaliwa na mtambo wa chuma, yuko ndani ya ngome iliyo chini ya maji, juu panavuja, na dawa ya kumwokoa shangazi yake May iko pale sakafuni mbele yake. Anaiona. Haifikii. Itaendelea.

Fikiria ulikuwa mtoto wa wakati ule. Mwezi mzima yuko chini ya lile chuma. Unaenda shule yuko chini ya chuma, unalala yuko chini ya chuma. Alafu namba 33 inatoka na kurasa zake za mwanzo hazina jambo lingine lolote zaidi ya mtu kunyanyua kitu kizito. Anajaribu, anashindwa, anamkumbuka mjomba Ben, anajaribu tena, maji yanaongezeka, na ukurasa wa 5 wote ni picha moja tu, kakinyanyua. Ni robo nzima ya namba hiyo! Ukizisoma 32 na 33 ndani ya kitabu cha mkusanyiko, kati yao kuna kugeuza ukurasa tu, unaona ni tukio zuri unapita. Ukizisoma zikiwa zimeachana unaelewa kwanini Ditko alithubutu kutumia kurasa zote zile, kwasababu msomaji alishabeba huo uzito siku thelathini na alistahili kuushusha taratibu. 32 ilikopa kitu kikubwa sana na 33 ikalipa kabla ya ukurasa wa sita. Kwenye daftari langu 33 ina 10, na namba zenye 10 humo hazifiki kumi.

Hiyo ndo ilinifanya nijiwekee sheria ambayo jamaa yangu anaiona ya ajabu: hata komiki za zamani ambazo zimeshaisha na zipo zote nasoma kwa mwendo wake wa asili. Kama ilitoka kila mwezi nasoma kila mwezi. Kila wiki, kila wiki. Watchmen nilisoma hivyo, namba moja kwa mwezi, mwaka mzima, nikikataa kabisa kusikia chochote kuihusu, na kwa komiki maarufu vile hiyo ilikuwa kazi kuliko kusoma kwenyewe.

Na nashukuru nilifanya vile. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons ilitoka namba 12, kava ya kwanza imeandikwa Septemba 1986 na ya mwisho Oktoba 1987, na kila kitu ndani yake kimetengenezwa kwa mtu anayengoja. Kava ya mbele ya kila namba ndo fremu ya kwanza ya stori. Kuna saa ambayo mshale wake unasogea dakika moja kila namba kuelekea saa sita usiku, na damu inashuka juu yake kidogo kidogo. Ukiwa na kitabu kizima hiyo saa ni pambo la kutenganisha sura. Ukiwa na namba moja moja unajua kabisa kwamba imebaki miezi mitano, minne, mitatu, unaanza kuingiwa na baridi.

Namba 1 niliipa 7. Maelezo yangu ya usiku ule ni kwamba mpangilio wa fremu tisa kila ukurasa unanipa utulivu ila wahusika nawaona kwa mbali, na kwenye DENI niliandika nani kamuua mhusika anayeitwa Comedian, na kile kibeji cha uso unaocheka kitarudi au la. Basi. Sasa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa kuna mtu mwenye nywele nyekundu anapita barabarani na bango la mwisho wa dunia, anakanyaga damu anaendelea na safari yake. Sikumwandika. Akatokea tena namba zilizofuata, anapitapita tu huku nyuma, sikumwandika. Mwisho wa namba 5 polisi wanamkamata Rorschach, mpiganaji wa uhalifu anayeficha uso, wanamvua kinyago na ni yeye, yuleyule wa bango.

Nilikaa nikaangalia ukuta kwa muda. Nikarudi kwenye ukurasa wa daftari wa namba 1 na safu ya DENI haina kitu juu yake. Na hapa ndo swali lote la makala hii lilipo, je nibadilishe ile 7? Nimegundua namba 1 ilikuwa na akili kuliko nilivyodhani, je niiandikie 9?

Sikubadilisha. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni tarehe ya siku ile, miezi minne baadaye, na maneno: mtu wa bango ni Rorschach, sikumwona. Tangu hapo daftari lina rangi mbili. Bluu ni usiku wa kusoma na haifutwi kamwe. Nyekundu ni baadae na inaweza kuongezwa hata mara tano. Maana ile 7 haikuwa kosa, ile 7 ni ushahidi kwamba walinificha vizuri, na ukiifuta unafuta ufundi wao pamoja na hukumu yako. Anayesoma mara ya pili anaona mtego, anayesoma mara ya kwanza ndo anatakiwa aseme kama alinaswa, na akishajua hawezi tena kurudi kutojua. Ushahidi wa kutojua unapatikana usiku mmoja tu.

Alafu namba 12 yenyewe. Miezi kumi na moja umezoeshwa ile gridi ya fremu tisa, macho yanakwenda kama yanatembea kwenye vigae, wakati mwingine wanaunganisha mbili tatu lakini mapigo ni yaleyale. Unafungua namba 12 na zinakuja kurasa 6 mfululizo ambazo kila moja ni picha moja tu, imejaa mpaka ukingoni. Barabara. Maiti. Hakuna maneno ya kukusaidia. Mi nilisikia kama sakafu imeondolewa, nikafunga, nikafungua tena. Jamaa yangu aliisoma yote kwa siku mbili na nilipomuuliza kuhusu zile kurasa alisema ndio zilikuwa picha nzuri. Nzuri! Simlaumu, kwake zilikuja saa moja baada ya namba 11, mapigo ya gridi hayakuwa yameingia mwilini.

Lakini nisije nikaonekana natetea kila kinachotoka vipande vipande, hapana. Kuna ugonjwa mmoja nimeupiga vita kwenye daftari kwa miaka, ule wa kuandika namba kana kwamba ni kipande cha kitabu kitakachokuja kuuzwa baadae. Mwandishi anajua namba sita zitakusanywa ziwe kitabu, basi anatandaza stori ya namba mbili ienee sita. Angalia tofauti hii: asili ya Spider-Man mwaka 1962 ilisimuliwa kwa kurasa 11 tu, kaumwa na buibui, kapata nguvu, kajivuna, kamwachia mwizi apite, mjomba kauawa, kajua kosa lake, mwisho. Mwaka 2000 Ultimate Spider-Man ikasimulia habari hiyohiyo kwa namba 7. Namba saba! Na bado nilizipa maksi nzuri nyingi ya hizo, kwasababu Brian Michael Bendis na Mark Bagley walitumia nafasi kumfanya mjomba Ben awe mtu, akawa anagombana na kijana, anatania, mpaka kifo chake kikauma tofauti na kile cha fremu mbili. Yani urefu sio dhambi. Dhambi ni waliokuja baadae wakaiga urefu bila kuweka kitu ndani.

Kipimo changu hapo ni rahisi. Nikimaliza nafunga namba najiuliza, kati ya ukurasa wa 1 na wa mwisho nini kimebadilika? Sio nini kimetajwa, nini kimebadilika. Mtu kafanya uamuzi ambao hawezi kuurudisha, au nimejua kitu kinachonilazimisha niwaangalie upya wote, au uhusiano wa wawili umehama toka hapa kwenda pale. Kama jibu ni walikuwa wanatembea kuelekea mahali na bado hawajafika, 4. Hata kama michoro ni ya kukutoa machozi. Kuna mfululizo mmoja, sitautaja, nilikuwa naufuata kwa mapenzi ya kweli, ulikuwa wa namba 6 na kufika ya 4 mchoraji akabadilishwa katikati bila maelezo, na huyu mpya alichora sura za ndugu wawili zikafanana kiasi kwamba fremu ya mwisho mmoja anapigwa risasi na mi nikalala najua kafa mkubwa. Mwezi mzima nimemwomboleza mkubwa. Namba 5 inaanza na mkubwa kasimama kando ya kaburi analia. Nilishindwa hata kuandika nyekundu vizuri, maana nilikuwa nimedaiwa machozi ya mtu mwingine. Wachapishaji wanapaswa kuelewa kwamba kwa anayesoma namba moja moja sura ya mhusika ndo kamba pekee inayomvusha mwezi, ukiikata amezama.

Na kuna upande wa pili, ambapo mi mwenyewe ndo nilionekana nimekosea. 2019 Jonathan Hickman alirudisha X-Men, lile kundi la mashujaa, kwa komiki mbili zilizopishana, House of X na Powers of X, namba sita sita, jumla wiki 12. House of X namba 1 niliipa 6 nikaandika kwamba kila mtu anaongea kama anasoma tangazo na simtambui Xavier, kiongozi wao. Wiki iliyofuata Powers of X namba 1 ikaruka mwaka 1, mwaka 10, mwaka 100, mwaka 1000, nikaandika DENI mpaka safu ikaisha nikaendelea chini. Nikaipa 5. Wiki ya tatu, House of X namba 2, inamchukua Moira MacTaggert, mwanasayansi tuliyemjua miaka na miaka kama binadamu wa kawaida, na kutuonyesha kwamba ni mutanti, yani mtu aliyezaliwa na nguvu kama X-Men wenyewe, kwamba akifa anazaliwa upya na kumbukumbu zote, na kwamba ameishi maisha zaidi ya moja na sisi tuko kwenye la kumi. Namba nzima ni hayo maisha, moja baada ya lingine.

Nadhani nilisimama. Yani madeni ya wiki mbili yakalipwa karibu yote kwa mkupuo, zile ruka ruka za miaka zikawa na sababu, na hata wale watu wanaoongea kama tangazo ukaanza kuona kuna mtu nyuma yao aliyeshajaribu kila njia nyingine. 10. Watu wakanirudia, unaona, uliwapa 5 na 6 bure. Hapana jamani. Zile 5 na 6 zilikuwa za haki. Namba 1 zile mbili zilikuwa zinakopa kwa nguvu sana na zilitegemea kwamba mlipaji anakuja ndani ya siku kumi na nne. Zingetoka kwa mwezi mmoja mmoja nina hakika wasomaji wengi wangeshaondoka. Ndo maana mwendo wa kutoka nauandika juu ya ukurasa, wiki au mwezi, kwasababu deni la wiki na deni la mwezi havina uzito mmoja. Zile manga za Kijapani zinazotoka kila wiki kwa kurasa 19 hivi nazihukumu kwa mkono mwepesi zaidi, sura nzima inaweza kuwa ngumi mbili na mshtuko mmoja na ikawa imetimiza kazi yake, maana jumatatu ijayo iko hapo. Na kule Japani majarida kama Weekly Shonen Jump yamekuwa yakiweka kadi za kura ndani, wasomaji wanataja stori walizozipenda wiki hiyo, na kura zinachangia nani abaki na nani akatwe. Kwa hao kuhukumu sura kwa sura ndo hewa ambayo stori inavuta, na mwandishi anajua hilo anapokaa kuchora.

Wasomaji wakipewa rungu hali inaweza kuwa nzito. 1988 kampuni ya komiki ya DC waliachia swali mwishoni mwa Batman namba 427, Robin wa wakati ule, msaidizi wa Batman aitwaye Jason Todd, yuko ndani ya jengo limelipuka, na msomaji apige moja kati ya namba mbili za simu, aishi au afe, senti 50 kila simu. Walikuwa wameshaandaa namba 428 kwa njia mbili. Waliotaka afe walikuwa simu 5,343 na waliotaka aishi 5,271. Simu 72 tu! Nikisoma namba 428 leo siwezi kuipa maksi kama nyingine, najikuta kila fremu nawaona watu wameshika simu. Niliandika tu, hii namba imeandikwa na hasira na huruma ya siku moja na nusu, na nikatoa 6 kwa michoro ya Jim Aparo pale Batman anapotoka kwenye kifusi kambeba mtoto mikononi.

Tukija kwenye kuchelewa, hapo ndo huwa napata maumivu ya kweli. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga hawakukosea. Saga ya Brian K. Vaughan na Fiona Staples nilikuwa naifuata namba kwa namba, na namba 54 ilitoka Julai 2018 ikaisha kwa jambo ambalo sitalisema kwasababu kuna mtu anasoma hapa hajafika. Walitangaza wanapumzika. Kwenye DENI niliandika neno moja, jina la mtoto Hazel, maana yeye ndo anayetusimulia toka namba 1 na sasa ilibidi atueleze anaishije baada ya lile. Namba 55 ikaja Januari 2022. Miaka mitatu na nusu. Katika kipindi hicho mi nimehama nyumba, nimezika, nimebadilika, na deni bado liko pale kwa wino wa bluu linaningoja. 55 ilikuja nene, kurasa 44, na haikunikimbilia kunipa majibu, ilinionyesha Hazel kakua kidogo, anahangaika na maisha, anaendelea. Niliipa 9 kwasababu waliheshimu muda uliopita, walijua mi nami sio yule wa 2018. Kuchelewa sikatii maksi za namba, naandika tu tarehe mbili zikae karibu karibu zijieleze.

Kuna walioenda kinyume kabisa, badala ya kuchelewa wakaisha ghafla. The Walking Dead ya Robert Kirkman ilipofika namba 193, Julai 2019, ikaisha bila taarifa. Walikuwa wameshatangaza mpaka namba zinazofuata na kava zake, mi nilishaandika 194 kwenye ukurasa unaofuata wa daftari na mstari nimepiga chini yake. Unafungua 193, ni nene kuliko kawaida, unaanza kuhisi kitu hakiko sawa, kila ukurasa unafunga mlango mmoja, mpaka mwisho Kirkman mwenyewe anaeleza kwamba stori iliyojengwa juu ya kushtukiza ameona isiishe kwa kutangazwa. Nilipata hasira ya kama dakika mbili hivi alafu nikaelewa. Hao watu walifanya kitu ambacho anayengoja kitabu kizima hawezi kukipata hata alipwe, maana kitabu kina unene, unashika kwa vidole unaona kurasa zimebaki chache, mwisho unauona unakuja. Sisi wa namba moja moja hatukuona. 194 niliikata kwa mstari mwekundu na iko vile.

Moja tu kwenye daftari haina maksi. Berserk, manga ya Kentaro Miura aliyoianza 1989. Alifariki Mei 2021 na sura ya 364 ikachapishwa Septemba mwaka huo, aliyokuwa anaifanya na wasaidizi wake wa studio. Niliisoma usiku. Nikaangalia sana mikono ilivyochorwa, vile vistari vyembamba vya wino ambavyo kwake vilikuwa vingi kama nywele, nikijaribu kuona ni wapi mkono wake unaishia na wa wengine unaanza, sikuweza. Nikafungua daftari nikaandika jina, 364, tarehe. Safu ya DENI niliijaza mpaka ikafika chini kabisa ya ukurasa, madeni ya miaka zaidi ya thelathini, wahusika Griffith na Casca, kisiwa, yule mtoto wa mwezi. Kwenye maksi kalamu ikasimama. Juni 2022 rafiki yake Kouji Mori akaendeleza stori na wachoraji wa ile studio, akaahidi ataandika yale tu ambayo Miura alimsimulia mwenyewe, na sura ya 365 nikaianzia ukurasa mpya na maksi zake kama kawaida. Ile ya 364 nafasi yake iko wazi mpaka leo.